Kiti Kisiwe cha Kukalia Tu: Mazoezi Mepesi kwa Wazee Wetu

Mwaka jana nilisafiri hadi Kisumu kumtazama mjomba wangu, mkaazi wa mtaa wa Kaloleni kwa zaidi ya miaka 40. Nilimkuta kitini. Miezi miwili nyuma aliteleza alfajiri akienda kutia udhu. Hakuvunjika mfupa, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo hakutoka tena. Msikitini haendi, soko la Kibuye haendi, hata barazani hakai. "Mwanangu, miguu imenikimbia," aliniambia.

Miguu ilikuwapo. Kilichomshika ni hofu. Mzee akishaogopa kuanguka hukaa, akikaa misuli hunywea, na misuli ikinywea huanguka kwa urahisi zaidi. Pamoja na hayo huja upweke na huzuni. Sisi watoto huzidisha tunapomwambia, "Baba kaa tu, tutakuletea."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamepita miaka 60. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili angalau siku 3 kwa wiki.

Kuna wasemao uzee hauna dawa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya wiki 8 waliyowapa wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96, chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Nao mpango wa Otago wa New Zealand, ambao mzee huufanya nyumbani kwake, umepunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja.

Kinachohitajika ni kiti kizito kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani, na mtu wa karibu:

1. Kuinuka na kuketi. Mzee asimame polepole, aketi polepole, mara 5 hadi 10. Akiweza, asijisukume kwa mikono.
2. Kuinua visigino. Ashike mgongo wa kiti, asimame kwa vidole vya miguu, ashuke taratibu, mara 10.
3. Mguu mmoja. Akiwa ameshika kiti, ainue mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha wa pili.
4. Kisigino kwa kidole. Atembee kando ya ukuta, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua 10.
5. Mikono. Ainue chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, mara 10.

Asibane pumzi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, au aliyeanguka karibuni aonane na daktari kwanza. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja. Muulizeni daktari kuhusu dawa pia, maana baadhi ya dawa za presha na za usingizi huleta kizunguzungu. Bafuni ondoeni utelezi, wekeni taa na kishikio. Na chakula kisiwe ugali na mboga tu. Omena wa ziwani hujenga misuli, na bei yake si ya kutisha.

Kuhusu moyo, uchambuzi wa tafiti 33 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona. Mimi naongeza kuwa yakifanywa na wenzake faida ni mbili, kwani mzee hupata na watu wa kucheka nao.

Mjomba alianza na kuinuka mara 3, mjukuu akihesabu kwa sauti. Baada ya miezi michache alinipigia simu mchana wa Ijumaa. Alikuwa ametoka msikitini, bakora mkononi, kwa miguu yake. Sala aliswali kitini, na dini imemruhusu. Lakini kiti kile alikifuata mwenyewe.

Ndugu msomaji, leo ukifika nyumbani mwambie mzee wako ainuke, nawe inuka naye.