Nasaba ya Mchwa

Anayejifunza Kiswahili huambiwa mapema kwamba kipepeo amevaa kiambishi cha ki-, sawa na kiti na kisu. Lakini akisema "kipepeo kinaruka" watoto humcheka, kwani kipepeo anaruka, na vipepeo wanaruka. Vazi ni la ngeli moja, upatanisho ni wa ngeli nyingine. Sarufi yetu imeweka hapo kanuni kubwa: umbo la neno halitoshi kututajia jamaa zake, sharti tulisikilize linavyopatana na wenziwe. Wataalamu wa viumbe, ambao kwa Kiswahili wameazima neno hilohilo la ngeli katika kupanga wanyama, iliwachukua karne mbili na nusu kuifikia kanuni hiyo katika habari ya mdudu mmoja tunayemjua sote, naye ni mchwa.

Kwetu sisi wapenda maandishi, mchwa si mgeni wa kutambulishwa. Ndiye hasimu wa makasha na misahafu, anayeacha jalada zima kwa nje na udongo mtupu kwa ndani. Tena wafasiri wengi wa Kurani humfahamu kuwa ndiye yule mnyama wa ardhi aliyeila fimbo ya Nabii Suleiman, hata majini wakatambua kwamba waliyekuwa wakimtumikia amekwisha kufariki. Mdudu mwenye historia kama hiyo anastahiki kuulizwa nasaba yake.

Mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden alitoa chapa ya 10 ya kitabu chake Systema Naturae, ambayo ndiyo mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama yanayotambuliwa hadi leo. Humo alimwita mchwa Termes, akamtia katika oda ya wasio na mabawa, pamoja na chawa, viroboto, buibui, nge na hata kaa. Mende alimweka mbali, katika oda ya mbawakawa. Mtu wa pwani aliyekwisha kuwaona kumbikumbi wakifumuka ardhini baada ya mvua na kuizingira taa angemwuliza: hao wasio na mabawa ni akina nani? Mwaka 1781, Henry Smeathman, Mwingereza aliyekwenda Sierra Leone mnamo 1771, alichapisha London maelezo marefu ya vichuguu, ya malkia, ya wafanyakazi na ya askari. Hata hivyo Waingereza waliendelea kuwaita chungu weupe, kana kwamba ni ndugu wa siafu. Kiswahili chetu hakikuingia katika kosa hilo. Mchwa kwetu ni mbali, na chungu, siafu na majimoto ni mbali. Na sayansi inakubali, kwani jamaa za siafu ni nyuki na nyigu.

Mwaka 1832, Mfaransa Brullé aliwapa mchwa oda yao wenyewe, Isoptera, neno la Kigiriki lenye maana ya mabawa sawa, kwa kuwa mabawa manne ya kumbikumbi hulingana. Jina hilo lilikaa katika vitabu kwa miaka 175. Lakini mashahidi walikuwa wakijitokeza mmoja baada ya mwingine. Kaskazini ya Australia kuna mchwa aitwaye Mastotermes darwiniensis, ambaye bawa lake la nyuma lina kipande kipana kama cha mende, na mayai yake huyataga yakiwa yameshikamana katika kifungu, kama afanyavyo mende. Mwaka 1934, L. R. Cleveland na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mende wa Marekani wa jenasi ya Cryptocercus. Mende huyo huishi ndani ya magogo yaliyooza, hula mti, hulea wanawe, na matumboni mwake mna vijidudu vya aina ileile inayowasaidia mchwa kusaga mti. Vazi lilikuwa la Isoptera. Upatanisho ulikuwa wa mende.

Hukumu ilitoka mwaka 2007. Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton, wa Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London, walilinganisha jeni za mende na mchwa wengi, wakathibitisha kwamba mchwa ni mende walioshika maisha ya kijamaa, na Cryptocercus ndiye ndugu yao wa karibu kabisa. Anwani ya makala yao ilitangaza kifo cha oda. Mwaka huohuo Nathan Lo na wenzake wakajibu kwa kuomba jina la Isoptera liokolewe. Tuangalie vyema, kwani hapa ndipo penye kiini: nasaba hawakuipinga. Walichokitetea ni jina. Na kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikuweza kuamua, kwa sababu huishia kwenye majina ya familia na makundi yaliyo karibu nayo. Majina ya oda hayamo. Ikabidi watu wapatane wenyewe. Mchwa wakahamia Blattodea, oda ya mende, na Isoptera likabaki kuwa jina la tawi ndani yake. Mwaka 2013, Kumar Krishna na wenzake walipotoa mijalada saba juu ya mchwa wa dunia nzima, bado jalada lilibeba jina hilo la kale.

Mapatano hayo yanahitaji karani wa kuyatia daftarini. Katika zama zetu mojawapo ya madaftari makubwa ni iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo tangu 2023 ni taasisi inayojitegemea. Mtu yeyote hupiga picha ya mdudu, wengine humsaidia kumtambua, na wasimamizi wa kujitolea huyatengeneza majina. Jina likibadilishwa au mawili yakiunganishwa, kumbukumbu zote za nyuma hulifuata jina jipya. Spishi moja ikigawanywa kuwa mbili kazi huwa ngumu: ikiwa mahali picha ilipopigwa hapaamui, kumbukumbu hurudishwa kwenye jenasi, ikangoja jicho la mjuzi. Lakini utambuzi wa awali haufutwi. Hubaki pale, umepigwa mstari, na badiliko huandikiwa chimbuko lake, ili ajaye ajue nani alisema nini, na lini.

Adabu hiyo sisi wa tungo tungeiazima. Mhariri wa utenzi wa kale akiona neno lisilomwelea, akaliondoa na kuweka lake pasi na kuandika pembeni lililokuwamo, ameufanyia mswada jambo ambalo mchwa asingeliweza, kwani mchwa huacha tundu na tundu huonekana. Nasaba ikidhihirika isahihishwe. Ila ushahidi wa aliyetangulia ubaki unasomeka.

Iko na kazi iliyo yetu peke yetu. Daftari hilo hupokea majina ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Sayansi hutaka jina moja kwa ukoo mmoja. Lugha yetu ina mchwa kwa anayetafuna, kumbikumbi kwa anayeruka, na nyumba yao ina neno lake, kichuguu. Atakayeandika mchwa peke yake atakuwa amesema kweli, lakini kumbikumbi wataachwa nje, nao ndio waliokuwa wakijua tangu hapo kwamba mdudu huyu ana mabawa. Yaandikwe yote mawili.