Kilo moja ya plutoniamu juu ya Bahari ya Hindi

Wadau, Chernobyl kila mtu anaijua. Lakini ni wangapi wanajua kwamba tarehe 21 Aprili 1964, siku tano tu kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, karibu kilo moja ya plutoniamu iliteketea angani juu ya Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska? Yaani mlangoni kwetu kabisa!

Tuanze na chanzo. Sola ni nzuri mpaka pale jua linapokuwa mbali. Chombo kikifika Mshtarii kinapata mwanga kama sehemu moja tu kati ya 27 ya ule tunaoupata hapa duniani. Betri nazo zina mwisho wake. Mwaka 2014 kichombo cha Ulaya kiitwacho Philae kilitua kwenye nyotamkia, kikajikuta kivulini, na baada ya siku mbili na ushee betri ikaisha, kikazimika.

Wamarekani walikuwa na dawa ya tatizo hili tangu zamani: plutoniamu-238. Hii si ile ya mabomu. Inatoa joto yenyewe usiku na mchana, na inachukua karibu miaka 88 ndipo nusu yake iishe. Sasa ukiunganisha metali mbili tofauti, upande mmoja ukawa wa moto na mwingine wa baridi, umeme unapita. Hilo Mjerumani Seebeck aliligundua tangu 1821. Hakuna kinachozunguka, hakuna cha kupaka grisi. Januari 1959 Rais Eisenhower aliwekewa mtambo mmoja mezani kwake, na Juni 1961 mwingine ukaruka na Transit 4A, setilaiti ya jeshi la majini. Ulitoa wati 2.7 tu, taa ya kibatari karibu ingeushinda!

Ule wa 1964 ulikuwa wa wati 25, ndani ya setilaiti ya ukoo huohuo wa Transit. Roketi ikashindwa kuifikisha kwenye njia yake, ikarudi chini. Na hapa ndipo ninapokereka: mtambo ule haukuharibika kwa bahati mbaya, uliteketea kama ulivyopangwa! Wataalamu waliamua kwamba ajali ikitokea, plutoniamu iungue juu sana na kutawanyika iwe vumbi jembamba. Vumbi lile likazunguka dunia kwa miaka, sehemu kubwa ikashukia kusini mwa ikweta. Siyo kwamba ninadai watu waliugua. Ila plutoniamu-238 iliyomwagwa siku ile moja ilizidi yote iliyokuwa imeachwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, na mvuvi wa Mafia au Comoro hakuna aliyemuuliza.

Kichekesho ni kwamba mwezi huohuo serikali ya Mzee Karume ilikuwa imewaamuru Wamarekani waondoe kituo chao cha kufuatilia vyombo vya angani pale Unguja, watu wakihofia kuwa ni cha kijeshi. Walikuwa wanatazama ardhini, kumbe la kutazama lilikuwa juu.

Baada ya hapo sera ikageuzwa: plutoniamu ibaki ndani ya kasha lake, liwalo na liwe. Mei 1968 roketi iliyobeba setilaiti ya Nimbus ilipolipuliwa karibu na California, mitambo yake iliokotwa chini ya bahari ikiwa mizima, na mafuta yake yakatumika tena. Ule wa Apollo 13 tangu 1970 umelala kwenye kina cha Pasifiki, karibu na Tonga.

Voyager 1 na 2 ziliondoka mwaka 1977, kila moja na mitambo mitatu ya aina hii, jumla kama wati 470. Kila mwaka zinapoteza kama wati 4, kwa hiyo wahandisi wamekuwa wakizima kifaa kimoja baada ya kingine, kama mama anayezima taa za vyumba tokeni ya Luku ikikaribia kuisha.