Kiingilio na Sauti ya Watazamaji: Kisa cha Uwanja wa Anfield

Katika maandishi mengi juu ya utamaduni, kandanda hutajwa kama burudani tu, na watazamaji wake hutajwa kama umati uliokuja kupumzika baada ya kazi za wiki. Sisi twaona kwamba mtazamo huo haujitoshelezi. Mtu alipaye kiingilio mlangoni hufanya mambo mawili kwa mara moja: hununua nafasi ya kutazama, na hutoa mchango wa kuiendesha klabu aipendayo. Mnunuzi wa kanga akiona bei imepanda huenda duka la pili. Shabiki hana duka la pili. Klabu yake ni moja, aliipokea kwa baba yake au kwa mtaa wake, na hata ikimtoza mara mbili hawezi kwenda kuishangilia timu ya jirani. Mwenye klabu hulijua jambo hilo vizuri, nalo humpa ujasiri wa kupanga bei apendavyo. Basi swali tunalokusudia kulichunguza ni hili: mtu asiyeweza kuhama ana uwezo gani juu ya yule anayempangia bei?

Kwa ajili ya uchunguzi huo tumechagua mahali pamoja, napo ni Uwanja wa Anfield katika mji wa Liverpool, Uingereza. Uwanja huo umeshuhudia mambo mawili yanayofanana, la kwanza mwaka 1892 na la pili mwaka 2016, na baina yake imepita historia nzima ya fedha katika mchezo huu.

Wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walipata kitu ambacho baba zao hawakuwa nacho, yaani mchana wa Jumamosi. Sheria ya mwaka 1850 ilikataza wanawake na vijana kufanya kazi katika viwanda vya nguo baada ya saa 8 mchana siku hiyo. Na kwa kuwa mashine hazikuweza kwenda bila wao, wanaume nao wakapumzika. Saa hizo chache zikajazwa na mpira. Mwaka 1885 iliruhusiwa wachezaji walipwe mshahara, mwaka 1888 vilabu 12 vikaunda Ligi, na mwaka 1890 Ligi hiyo ikaamua kwamba kiingilio kisipungue peni 6, yaani nusu shilingi, ambayo wazee wetu wangeiita sumni. (Wanawake, tuseme kwa kupita, waliingia bure katika viwanja kadhaa, lakini pale Preston mwaka 1885 walikuja kama 2,000 kwa siku moja, na haukupita muda mrefu vilabu vikaona hasara, vikaufuta ukarimu huo.) Hivyo sumni ya mfanyakazi ndiyo iliyolipa wachezaji, ikajenga majukwaa, ikanunua mipira na jezi.

Timu iliyocheza Anfield siku hizo haikuwa Liverpool bali Everton. Mwenye kiwanja alikuwa John Houlding, mtengenezaji wa bia na mtu mashuhuri katika siasa za mji, ambaye pia alikuwa rais wa klabu. Kadiri watazamaji walivyoongezeka, ndivyo naye alivyopandisha kodi ya kiwanja: kutoka pauni 100 kwa mwaka mwaka 1885 hadi pauni 250 miaka michache baadaye. Wanachama waliona kwamba jasho lao na sumni za watazamaji vilikuwa vikiishia katika mfuko wa mtu mmoja, ambaye juu ya hayo alitaka bia yake ndiyo iuzwe uwanjani. Ugomvi ukakua. Mwaka 1892 walio wengi waliamua kuondoka. Wakachukua jina lao, timu yao na watazamaji wao, wakavuka bustani ya Stanley Park na kujenga makao mapya, Goodison Park. Houlding akabaki na kiwanja kizuri kisicho na timu wala watu. Ilimbidi aanzishe klabu mpya, nayo ndiyo Liverpool. Kwa hiyo klabu hiyo kubwa tunayoisikia leo ni mtoto wa uwanja ulioachwa mtupu.

Tungependa msomaji akitulie kisa hicho, kwa sababu ndani yake mna jambo zito. Houlding alikuwa na hati ya ardhi, majukwaa na milango. Alichokosa ni watu, na bila watu mali yake ilikuwa nyasi na mbao.

Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa kandanda ya Uingereza walikuwa na haya kidogo. Vilabu viligeuzwa kuwa makampuni yenye hisa, lakini kanuni za Chama cha Mpira, tangu miaka ya 1890, ziliweka ukomo wa gawio, kwanza asilimia 5, na wakurugenzi hawakuruhusiwa kujilipa mshahara. Hatusemi kwamba matajiri hao walikuwa watakatifu. Wachezaji walibanwa na kima cha juu cha mshahara, pauni 4 kwa wiki mwaka 1901, na kifungo hicho hakikukatwa hadi mwaka 1961. Majukwaa nayo yaliachwa yachakae. Lakini kiingilio kilibaki ndani ya uwezo wa mfanyakazi wa bandarini, na jukwaa la Kop pale Anfield, lililojengwa mwaka 1906 na kupewa jina la kilima cha Afrika Kusini walipouawa askari wengi wa Kiingereza katika vita vya Makaburu, lilijulikana dunia nzima kwa nyimbo za watu waliosimama bega kwa bega.

Haya hiyo iliondoka katika miaka ya 1980. Mwaka 1983 klabu ya Tottenham iliingia katika soko la hisa kwa kuunda kampuni mama, na kwa njia hiyo ikazipita kando kanuni za zamani. Kisha likaja pigo la tarehe 15 Aprili 1989, ambapo katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa Liverpool walisongamana katika vizimba vya nyuma ya goli, na jumla ya watu 97 wakapoteza maisha. Jaji Taylor, aliyechunguza msiba huo, alipendekeza katika ripoti yake ya Januari 1990 kwamba watazamaji wa viwanja vikubwa wote wakae vitini. Wakati huohuo aliona hakuna sababu kwamba viti viwaumize watu wa kipato cha chini, akataja mfano wa uwanja wa Ibrox, Glasgow, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Vilabu vililichukua pendekezo la viti na kulisahau lile la bei. Pauni 4 ndiyo iliyokuwa bei ya chini ya kuingia Anfield mwaka 1990. Mwaka 1992 ikaanzishwa Ligi Kuu mpya pamoja na mikataba ya televisheni, na bei zikaanza kupanda ngazi ambayo mishahara ya mashabiki haikuweza kuifuata.

Je, mashabiki walinyamaza? Hawakunyamaza, ila si kila kilio kilisikika. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United kwa mikopo mikubwa, na mzigo mkubwa wa deni hilo ukatwikwa klabu yenyewe. Mashabiki kadhaa walifanya kama wanachama wa Everton wa mwaka 1892: waliondoka, wakaunda klabu yao, FC United of Manchester, ambamo kila mwanachama ana kura moja. Ni tendo la heshima, nasi twalisifu. Hata hivyo Glazer hakutikisika, kwa maana Old Trafford haikubaki tupu. Kila aliyeondoka alipata mtu wa kukalia kiti chake. Mwaka 2010 maelfu walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za zamani za klabu, kuonyesha hasira yao. Lakini walizivaa wakiwa wamekaa katika viti walivyovilipia, na mwenye klabu hana sababu ya kuogopa skafu ambayo tiketi yake imekwisha kulipiwa.

Basi tuirudie Anfield. Mwanzoni mwa Februari 2016 wenye klabu, kampuni ya Fenway Sports Group ya Marekani, walitangaza bei za msimu uliofuata. Jukwaa kuu lilikuwa likipanuliwa, na tiketi ya juu kabisa ingepanda kutoka pauni 59 hadi 77. Tiketi ya msimu ingevuka pauni 1,000 kwa mara ya kwanza. Ni kweli kwamba tiketi nyingine chache zilipunguzwa bei. Lakini mashabiki walijua hesabu: mkataba mpya wa televisheni ya ndani ya nchi, uliotiwa saini mwaka uliotangulia, ulikuwa na thamani ya zaidi ya pauni bilioni 5 kwa misimu mitatu, na mapato ya mlangoni yalikuwa takribani sehemu moja tu ya tano ya mapato yote ya klabu. Ongezeko lile lilikuwa tone katika pipa la tajiri, na donda katika mfuko wa mlipaji.

Tarehe 6 Februari Liverpool ilicheza na Sunderland. Vikundi vya mashabiki, kikiwamo Spirit of Shankly, vilikuwa vimekubaliana kwamba dakika ya 77, kwa kufuata ile pauni 77, watu wainuke na kutoka. Dakika hiyo ilipofika Liverpool ilikuwa ikiongoza kwa mabao 2 kwa 0. Watu wapatao 10,000 waliinuka wakatoka, wakiiacha timu yao ikishinda. Sunderland wakafunga mara mbili katika dakika zilizosalia, mchezo ukaisha sare. Siku nne baadaye wenye klabu walitoa barua ya kuomba radhi, wakaifuta ile bei ya pauni 77, na wakaahidi kutopandisha bei kwa misimu miwili. Mwezi wa Machi mwaka huohuo vilabu vyote vya Ligi Kuu vilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki anayeifuata timu yake ugenini isizidi pauni 30.

Kwa nini tajiri aliyekuwa hategemei sana fedha ya mlangoni aliinama kwa siku nne tu? Wengine husema aliogopa hasara. Sisi hatukubaliani nao, kwa kuwa wale 10,000 walikuwa wamekwisha kulipa, na hakuna hata peni moja iliyorudishwa. Aliogopa picha ya viti vitupu. Televisheni hailipi mabilioni kwa sababu ya wachezaji 22 peke yao. Hulipia pia nyimbo, bendera, na ule mngurumo unaomfanya mtazamaji aliye mbali atamani kuwapo. Jambo hilo lilithibitika mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipofunga milango ya viwanja. Mpira ulichezwa mbele ya viti vitupu, na mashirika ya televisheni yakalazimika kupachika sauti za umati zilizorekodiwa, kama mtu atiaye chumvi katika chakula kisicholika. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 6 vya Uingereza, Liverpool na Manchester United vikiwamo, vilitangaza kujiunga na ligi mpya ya matajiri wa Ulaya. Mashabiki walijaa nje ya viwanja, na kabla ya siku tatu kupita vilabu vyote 6 vilikuwa vimetangaza kujitoa. Wahenga wetu walisema wengi wape, usipowapa watajipokonyea; lakini ilibidi wengi hao kwanza wawe kitu kimoja, kwa saa moja, mahali pamoja. Hilo ndilo lililokosekana Manchester mwaka 2005.

Jina la Sunderland halipiti masikioni mwa Mtanzania hivi hivi. Klabu ya Simba ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga, iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ilipochukua jina la Kiswahili. Tuliazima jina, lakini hatukuazima mfumo wa umiliki. Simba na Yanga zilikua kama vyama vya wanachama, wenye kadi, ada na mkutano mkuu, na wafadhili walikuja wakaondoka bila kuwa wenye mali. Tarehe 3 Desemba 2017 mkutano mkuu wa Simba uliridhia mabadiliko: mfanyabiashara Mohammed Dewji aingie kama mwekezaji kwa shilingi bilioni 20, na utaratibu wa serikali ukataka wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi asilimia 49. Kwa ukomo huo, Houlding wa Kariakoo hawezi kupatikana kwa urahisi.

Lakini mwanachama na mkata tiketi si mtu mmoja. Mwenye kadi hupiga kura. Yule anayejibana kila wiki apate kiingilio cha mzunguko, asiye na kadi, hana mkutano wa kwenda. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa Simba na Yanga ulipangwa kuanza saa 11 jioni, na siku ileile ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya kwanza, wakaondoka. Simba walifika kwa saa ya pili, wasimkute mpinzani. Shirikisho lilikuwa na kauli yake, wizara ilikuwa na yake, na kila klabu ilikuwa na yake. Watu waliokuwa vitini tangu mchana, wenye tiketi mkononi, walirudi nyumbani gizani bila kuuona mpira ukichezwa na bila kuulizwa neno. Mchezo huo ulichezwa tarehe 3 Julai. Yanga walishinda kwa bao 1 la Zawadi Mauya, na katika vijiwe vya mpira bao hilo likaifunika habari ya saa na tiketi.