Spana ya Toki: Ijaribu Nyumbani kwa Mtungi wa Maji

Nati za magurudumu ya Toyota Corolla hukazwa nyutoni-mita (Nm) 103. Zikilegea, gurudumu hutoka njiani. Zikikazwa kupita kiasi, bolti hukatika. Spana ya toki, ile inayolia "tak" nati ikifika, ikiwa yadanganya ni mbaya kuliko spana ya kawaida, kwani twaiamini.

Yangu huijaribu hivi. Kichwa cha mraba nakibana kwenye jiliwa, mpini ulale sawa na ardhi. Kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya pale ninaposhika napima sentimita 40. Hapo natundika mtungi wa maji wa kilo 20, nikiuachia polepole. Uupime kwa mzani wa duka. Mtungi wa muuza maji ukijazwa pomoni hupita lita 20, na plastiki nayo ina uzito wake. Hesabu ni 20 × 9.81 × 0.4, yaani Nm 78. Spana yenyewe huongeza kama 2 au 3.

Naanzia 70, inalia. Napandisha kidogo kidogo, mtungi nikiuondoa kila mara, mpaka inyamaze. Ikinyamaza karibu na 81, ni sawa; kiwango cha ISO 6789 huruhusu kosa la asilimia 4. Ikilia hata kwenye 90, inawahi, na nati zako zimelegea. Ikinyamaza tangu 72, unazikaza mno.

Ukimaliza, irudishe namba ya chini kabisa. Springi iliyobanwa mwezi mzima huchoka.