Kijialama cha Ng'

Kiswahili kiliingia katika zama za mashine kikiwa na bahati. Mashine za kupiga chapa zilizoanza kutoka kiwanda cha Remington, Marekani, mwaka 1874 zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, lakini herufi zake zilitutosha, na Q na X zikabaki bila kazi. Sauti moja tu ndiyo iliyohitaji alama isiyo herufi: ile inayoanza neno ng'ombe.

Mwaka 1927 wataalamu wa taasisi ya lugha za Kiafrika iliyokuwa London walipendekeza herufi ŋ, yaani n yenye mkia. Waganda wanayo mpaka leo. Kiswahili hakikuipokea. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikashika ng', yenye kijialama ambacho kila mashine ilikuwa nacho. Kijialama hicho si pambo. Ukikiacha, ng'oa, kazi ya jembe, inakuwa ngoa, yaani wivu.

Sisi tulioajiriwa ualimu miaka ya 1970 tuliikuta mashine hiyo katika kila ofisi ya shule. Nyingi hazikuwa na tarakimu ya moja. Tulipiga l ndogo. Hazikuwa na alama ya mshangao. Tulipiga kijialama, tukarudi nyuma, tukapiga nukta chini yake. Alama ya kipeo cha pili katika mtihani wa hesabu tuliichora kwa mkono juu ya stensili, kwa uangalifu, maana stensili ikichanika kazi inaanza upya.

Majirani zetu wa hapa Engutoto na pande za Mlima Meru hawakupata bahati hiyo. Kimaasai, ambacho ndicho lugha ya Waarusha, kina irabu tisa, na mashine ina tano. Tucker na Mpaayei walipotoa sarufi yao mwaka 1955 walionyesha pia kazi ya kidatu cha sauti: kitenzi hutangulia, na mara nyingi ni kupanda na kushuka kwa sauti katika nomino kunakoonyesha nani alitenda na nani alitendwa. Basi mzee akisimulia vita vya ukoo wake, na kijana akayapiga chapa maneno yake kwa irabu tano bila alama, msomaji asiyeijua habari hiyo aweza kukwama pale penye kutaka kujua nani alimpiga nani.

Leo kikwazo cha mashine kimeondoka. Tangu mwaka 1991 kuna orodha ya kimataifa iitwayo Unicode, inayoipa kila herufi namba yake. Katika programu ya Microsoft Word, andika 014B, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja, na ŋ itatokea. Irabu za Kimaasai nazo zina namba zao.

Kilichobaki ni uzembe wa watu. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye jina la babu yake linaanza kwa Ng', alipewa na ofisi moja kitambulisho kisicho na kijialama, kwa maelezo kwamba kompyuta yao haikipokei. Cheti chake cha shule kilikuwa nacho. Ikambidi aende mahakamani kuapa kwamba yeye ni yeye. Kompyuta haikubuni sheria hiyo. Mtu aliyeipangia programu ndiye aliyeona kwamba jina la mtu halina alama kama hiyo.

Walimu wenzangu mlioko kazini, wafundisheni watoto kuwa kijialama hiki ni sehemu ya tahajia, na kukosa kukiandika ni kosa sawa na kuacha herufi. Na nyinyi mnaotengeneza fomu na programu, kabla hamjazipeleka ofisini, jaribuni kwanza kuandika ng'ombe.