Gari ya okazioni: miaka 100 ya historia inatuambia tuuzishe namna gani



Katika familia mingi za kwetu, gari njo akiba. Siku minervali ya watoto inakosa, ao siku mtu anatafuta mtaji wa kufungua shamba, gari inatoka ya kwanza. Kiisha mabishano yanaanza: tumpe komisionere? Tuipeleke kwa mfanyabiashara wa magari? Ao tutafute mnunuzi siye wenyewe? Swali hilo si la leo. Liko na historia ya karibu miaka 100.

Tuanzie Marekani. Kati ya 1908 na 1927, Ford ilitengeneza Model T zaidi ya milioni 15. Magari yakawa mengi sana, mpaka mtu aliyekuja kununua mpya alikuwa tayari na ya zamani nyumbani. Wafanyabiashara wakaanza kupokea ile ya zamani kama sehemu ya malipo. Lakini ni ya bei gani? Kila mtu alisema yake. Mwaka 1926, Les Kelley, mfanyabiashara wa magari wa Los Angeles, akatoa kitabu cha bei, Kelley Blue Book. Huko Ufaransa, gazeti Argus likaanza mwaka 1927. Njo maana mpaka leo wanaosema Kifaransa wanauliza « argus » ya gari.

Kitabu kilisaidia, lakini nusu tu. Kinakuambia bei ya aina fulani ya mwaka fulani. Hakikuambii kama hii gari yenyewe, iliyo mbele yako, moteri yake iko nzima ao imechoka.

Shida hiyo George Akerlof, mwanauchumi wa Marekani, aliieleza katika makala ya mwaka 1970. Magazeti matatu ya kisayansi yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 akapewa Nobel pamoja na Spence na Stiglitz. Wazo lake tulifanyie hesabu ndogo. Tuseme ku soko kuko magari 10 ya aina moja. Matano ni mazima, kila moja dola 6.000. Matano yamechoka, kila moja dola 2.000. Mnunuzi hawezi kuyatofautisha kwa macho, basi anatoa bei ya katikati, dola 4.000. Mwenye gari nzima anakataa na kurudi nayo nyumbani. Ku soko kunabaki paka yaliyochoka. Wanunuzi wakitambua hivyo, bei inaanguka mpaka dola 2.000. Mtu mwaminifu anapata hasara bila kumkosea mtu yeyote, juu tu hana namna ya kuonyesha kwamba gari yake ni nzima.

Siye wa agronomia tunajua jambo hilo. Mbegu ya mahindi nzuri na mbegu iliyokufa zinafanana mkononi. Mkulima hawezi kuona kama itaota. Njo maana mbegu inapimwa kwanza na mtu asiyeiuzisha, halafu inapewa cheti.

Nchi zingine zilifuata njia hiyo kwa magari. Mwaka 1972, sheria ya Marekani ilikataza kurudisha kilometraji nyuma. Ubelgiji, tangu mwaka 2006, mwenye kuuzisha gari ya okazioni anapashwa kumpa mnunuzi karatasi inayoitwa Car-Pass, yenye kuonyesha kilometraji ya kila mara gari ilipopita garaje ao kontroli. Japani, kwenye minada, mkaguzi wa mnada, si mwenye gari, anaandika karatasi yenye alama na mchoro wa kila mahali palipogongwa. Magari mengi yenye volan kuume yanayofika kwetu kupitia Dar es Salaam yalitoka katika minada hiyo. Kama uko na karatasi hiyo, usiitupe: ni pesa.

Sasa tuamue. Mfanyabiashara anakulipa haraka, lakini anakukata bei, juu hatari yote inabaki kwake. Kama minervali ni ya kesho, hiyo inaweza kuwa njia yako. Komisionere anakuletea watu, lakini gari haijui. Anachoongeza ni komisyo yake. Kuuzisha mwenyewe kunachukua wiki, ata miezi, lakini bei nzuri inapatikana huko, kwa sharti moja: umtoe mnunuzi woga.

Woga unatoka kwa vitu, si kwa maneno. Panga karte roze na karatasi za duane. Weka pamoja fakture za garaje. Mwambie mnunuzi alete fundi wake mwenyewe, si wako. Na ubaya wa gari uuseme wewe wa kwanza.

Wengine watasema: nikitaja ubaya, bei itaanguka. Ni kweli, kidogo. Lakini mnunuzi asiyejua ubaya hakupi bei ya gari nzima. Anakupa bei ya woga wake, na woga unakata zaidi kuliko amortisere iliyokufa. Ukimwambia « amortisere ya nyuma ni ya kubadilisha », atapunguza bei ya amortisere. Ukinyamaza, atapunguza bei ya moteri, ya sanduku la vitesi na ya kila kitu asichokiona.

Basi kabla ya kuchagua utampa nani gari, tayarisha ushahidi. Hata kwa komisionere, hata kwa mfanyabiashara, mwenye ushahidi mkononi njo anasimamia bei yake.