Historia ya Akina Mama Isizikwe na Wazee Wetu



Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ya kuweka na kukopa yaliletwa na wafadhili, pamoja na semina zao na posho. La hasha! Hapa Dar es Salaam bibi zetu walikuwa wakichangiana kabla wengi wetu hatujazaliwa. Vyama vyao vya ngoma, lelemama na vinginevyo, havikuwa vya kucheza tu. Mwenzao akifiwa walitoa, akioza mtoto walitoa. Hawakuwa na sanduku la funguo tatu kama letu, lakini walijuana nani katoa na nani bado.

Na vyama hivyo ndivyo vilivyobeba siasa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake chamani, hakuanzia ofisini. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, basi akawaendea viongozi wa ngoma wenzake, nao wakawaita watu wao. Katika miezi michache wakajiandikisha wanawake wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa akina mama wa kuuza maandazi na vitumbua, wengine wapika pombe, watu ambao hakuna aliyewadhania.

Hayo tumeyajuaje? Mashuleni wengi wetu tulisoma majina ya wanaume, na Bibi Titi akatajwa kwa kupita. Tena yeye alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akatoka gerezani 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikusemwa sana. Ila katika miaka ya 1980 mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, aliketi naye na wanawake wengine wa TANU akawasikiliza na kuyaandika maisha yao. Kitabu kikatoka 1997. Bibi Titi akafariki mwaka 2000. Leo kuna barabara kubwa mjini yenye jina lake, lakini barabara haimsimulii mtu kitu.

Kwa hiyo tulipokubaliana kwamba sherehe ya miaka kumi iwe na maonyesho, hatukuwa tunatafuta mapambo. Ubishi ulikuwepo, tusifichane. Baadhi yetu walisema fedha za kikundi si za kununulia kinasa sauti, na hoja yao ilikuwa ya haki kabisa. Tukaamua tutumie simu zetu, na mfuko wa jamii utoe nauli na chai ya wazee tu.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Mzee huombwa ruhusa kwanza, na akisema jambo fulani lisitoke nje, halitoki. Usimwulize bibi amezaliwa mwaka gani, wengi hawakuandikiwa. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani siku ya Uhuru, mwaka 1961, au alikuwa na watoto wangapi wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979. Hapo utapata mwaka bila kumsumbua. Halafu nyamaza. Sisi tumezoea kudakia maneno, na mzee akidakiwa mara mbili hufunga mdomo. Wazee wawili wakipishana, waandikwe wote wawili kama walivyosema. Asiwepo mtu wa kuwasuluhisha kwenye karatasi.

Vitu vya mezani si lazima viwe vya thamani. Tunataka kadi ya zamani ya TANU au UWT, kanga iliyochakaa yenye maneno, kibao cha mbuzi, kopo la kuwekea akiba, daftari la upatu. Kila kitu kiandikwe ni cha nani, kilitumikaje, kwa maneno ya mwenyewe, na kisainiwe kinapoingia na kinaporudi. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 tuliona jinsi vitu vya miaka mingi vinavyoweza kuisha kwa usiku mmoja, kwa hiyo kila kitu kipigwe picha kabla hakijarudi nyumbani.

Na jambo dogo kuhusu picha za familia: nyuma yake andikeni majina kwa penseli, taratibu, bila kukandamiza. Wino wa peni hupenya mpaka upande wa mbele ukaharibu uso wa mtu. Mwanzeni na zile ambazo sasa amebaki mtu mmoja tu nyumbani anayewatambua waliomo.